Kikokotoo kisicho na alama ya sawasawa: uchambuzi wa kisa cha HP-35

Mwanzoni mwa mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ya Palo Alto, California, ilileta sokoni kikokotoo cha mfukoni kilichoweza kufanya hesabu za kisayansi: sini, kosini, tanjenti, logi, vipeo na vipeuo. Kilikuwa na vitufe 35, na jina lake, HP-35, lilitokana na idadi hiyo. Bei yake ilikuwa dola 395, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Katika vitufe vyote 35 hakikuwamo cha mabano, wala cha alama ya sawasawa. Palikuwa na kitufe kimoja kipana kuliko vingine, kimeandikwa ENTER.

Sisi tuliofundishwa MAGAZIJUTO tangu shule ya msingi tunajua mabano yanakuja kwanza, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Kanuni hiyo tunaihitaji kwa sababu moja tu: alama ya tendo tunaiweka katikati ya namba mbili. Ukiandika 3 + 4 × 5, karatasi haisemi uanze wapi. Lazima pawe na makubaliano ya nje, na makubaliano yasipotosha unaongeza mabano. HP-35 ilifuta tatizo lote hilo kwa mkupuo. Unaandika namba kwanza, alama ya tendo inakuja mwisho. 3 4 5 × + maana yake ni moja tu: zidisha 4 kwa 5, kisha jumlisha na 3. Ukitaka kuanza na kujumlisha unaandika 3 4 + 5 ×. Hakuna mabano wala kanuni ya kukariri, na hakuna sentensi ya hesabu inayoweza kusomwa kwa namna mbili.

Mwandiko huu huitwa wa Kipolandi uliogeuzwa, na watumiaji wa HP huuita RPN, kifupi cha Kiingereza Reverse Polish Notation. Kikokotoo kilichoubeba kiliuzwa zaidi ya 100,000 katika mwaka wake wa kwanza, ilhali HP ilikuwa ikitarajia kiasi cha 10,000. Miaka michache baadaye vikokotoo vya kawaida viligeukia mabano na alama ya =, na leo wengi hawajawahi kusikia kwamba palikuwa na njia nyingine. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba RPN ilikuwa ngumu, watu wakaikataa. Mimi nimeichunguza HP-35 kitufe kwa kitufe na siyakubali maelezo hayo. Mwandiko wenyewe ulikuwa na nguvu. Ulibebeshwa lawama za mambo mawili ambayo hayakuwa yake: rundo, yaani mahali namba zinaposubiri moja juu ya nyingine, lenye ngazi nne tu, na kioo kilichoonyesha ngazi moja.

Mwandiko ulitoka wapi

Mwaka 1924 mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, alipata wazo la kuandika mantiki bila mabano kwa kuweka alama ya tendo mbele ya vitu inavyovitendea. Hakuwa akifikiria mashine. Alitaka kanuni za mantiki ziandikwe kwa ufupi na bila utata. Katika miaka ya 1950 mwanafalsafa wa Australia, Charles Hamblin, akifanya kazi na kompyuta huko Sydney, aliona kwamba ukiigeuza alama hiyo na kuipeleka mwisho, mashine inaweza kutekeleza hesabu kwa mpangilio uleule inavyoisoma, bila kurudi nyuma hata mara moja. Mwaka 1957 alichapisha mfumo wake wa kuandika programu uliojengwa juu ya wazo hilo. Kompyuta ya Uingereza iitwayo KDF9, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilijengwa na rundo la ngazi 16 ndani ya vyuma vyake.

Mwaka 1961 Edsger Dijkstra wa Uholanzi alieleza hatua za kugeuza hesabu ya kawaida yenye mabano kuwa ya alama mwisho. Jambo hili lina uzito katika kisa chetu. Kuanzia hapo ilijulikana wazi kwamba kuna kazi mbili tofauti: kuipanga hesabu, yaani kuamua kipi kitangulie, na kuitekeleza. Mashine inaweza kufanya zote mbili, au mtu akapanga na mashine ikatekeleza.

HP-35 ilimpa mtu kazi ya kupanga.

Baiti 49

Bill Hewlett, mmoja wa waanzilishi wa HP, alikuwa tayari na kikokotoo kikubwa cha mezani, HP 9100A cha mwaka 1968, kilichouzwa dola 4,900. Alitaka uwezo kama ule uingie kwenye mfuko wa shati. Utafiti wa soko ulimwambia bidhaa hiyo haitauzika. Aliendelea.

Kilichofuata kinaeleweka ukiangalia nafasi waliyokuwa nayo wahandisi. Programu yote ya HP-35, pamoja na hatua za kutafuta sini na logi, ilikaa katika amri 768 za biti 10 kila moja. Hiyo ni chini ya kilobaiti moja. Upande wa namba zenyewe hali ilikuwa finyu zaidi. Kila namba ilihitaji nafasi 14: alama ya chanya au hasi, tarakimu 10, alama ya kipeo, na tarakimu mbili za kipeo. Kila nafasi ni biti 4, kwa hiyo namba moja ni biti 56. Mashine ilikuwa na rejista, yaani vyumba vya kuwekea namba, saba za ukubwa huo. Zidisha: biti 392, sawa na baiti 49. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba baiti 140.

Katika rejista hizo saba, mbili zilitumika kama meza ya kazi ya mashine yenyewe. Moja ilikuwa ya kuhifadhi namba kwa vitufe vya STO na RCL. Nne zilizobaki ndizo rundo, nazo ziliitwa X, Y, Z na T kutoka chini kwenda juu. Kioo kilionyesha X.

Sasa chukua hesabu hii: 2 × (3 + 4 × (5 + 6 × (7 + 8))). Mashine inayopokea mabano, mtu akiibonyeza kutoka kushoto, hadi kufikia 8 inakuwa imeshikilia namba sita zinazosubiri, alama sita za matendo yanayosubiri, na mabano matatu ambayo hayajafungwa. Kwa kila tendo inabidi ikumbuke pia lipi linatangulia lipi. Baiti 49 hazitoshi, na hata zingetosha, programu ya kusimamia foleni hiyo ingekula nafasi ya sini na kosini. Wahandisi wa HP walichagua. Wakaacha mabano, wakabaki na tanjenti. Ukizingatia nani alikuwa mnunuzi, uamuzi ulikuwa sahihi.

Jinsi mkono unavyofanya kazi

Rundo linafanya kazi kama chapati ndani ya hotpoti: iliyoingia mwisho ndiyo inayotoka kwanza. Kila namba mpya inawasukuma wenzake juu ngazi moja. Kila tendo la namba mbili huchukua X na Y, huweka jibu kwenye X, na waliobaki hushuka.

Tuchukue kanuni ya kosini, ambayo mpima ardhi huitumia kila siku. Pembetatu ina pande za 5 na 8, pembe kati yake ni nyuzi 60. Upande wa tatu ni kipeuo cha pili cha 5² + 8² − 2 × 5 × 8 × kosini 60. Kwenye HP-35 unabonyeza hivi:

5 ENTER × 8 ENTER × + 2 ENTER 5 × 8 × 60 cos × − √x

Tufuatane na kioo. ENTER inanakili 5 kwenda ngazi ya Y, kwa hiyo × inayofuata inakupa 25. Hakuna kitufe cha kipeo cha pili na hukihitaji. 8 ENTER × inakupa 64 huku 25 ikisubiri juu yake bila wewe kuiandika popote. + inakupa 89. Halafu unajenga sehemu ya pili: 2, 5, 10, 8, 80. Unabonyeza 60 na cos, kioo kinasema 0.5. × inakupa 40. Alama ya kutoa inaondoa 40 kwenye 89 iliyokuwa ikisubiri muda wote huo, unaona 49. Kipeuo: 7.

Angalia ulichokiona njiani: 25, 64, 89, 80, 0.5, 40, 49. Kila kimoja ni kiasi chenye maana ndani ya hesabu. Kama kosini ya 60 ingekuja tofauti na 0.5, ungesimama hapohapo. Kama 49 ingekuja hasi, ungejua kabla ya kubonyeza kipeuo. Huu ndio utamu wa RPN, na hauna uhusiano wowote na uhaba wa kumbukumbu. Mashine inayopokea mstari mzima na kukurudishia jibu moja mwishoni inakuficha safari yote, na kosa la kubonyeza linajificha humohumo.

Kuna ujanja mwingine uliopatikana bila gharama. Rundo linaposhuka, ngazi ya T hubaki na namba yake na kuinakili kwenda Z. Bonyeza 1.1 ENTER ENTER ENTER, ngazi zote nne zimejaa 1.1. Sasa andika 1000, nayo inachukua nafasi ya X. Kila ukibonyeza × unapata mwaka mmoja zaidi wa riba ya asilimia 10: 1100, 1210, 1331, 1464.1. Namba ya 1.1 haiishi, kwa sababu T inaizalisha upya kila mara. Mtu aliyekuwa akiandaa jedwali la mkopo alibonyeza kitufe kimoja kwa kila mstari.

Kwa hesabu ndogo tofauti ya idadi ya vitufe nayo inaonekana. (3 + 4) × (5 + 6) kwa RPN ni 3 ENTER 4 + 5 ENTER 6 + ×, yaani mibonyezo 9. Kwa mabano kamili na alama ya = ni mibonyezo 12. Wapenzi wa RPN huishikilia sana hoja hii ya idadi. Kwangu ni hoja ndogo. Kilicho kikubwa ni ile 7 na ile 11 zinazojitokeza kabla ya 77.

Pale kilipoteleza

Turudi kwenye hesabu ile ndefu, 2 × (3 + 4 × (5 + 6 × (7 + 8))). Jibu lake ni 766. Katika mwandiko wa alama mwisho, ukifuata namba kutoka kushoto kama zilivyo kitabuni, inaandikwa hivi:

2 3 4 5 6 7 8 + × + × + ×

Ni sentensi halali kabisa. Haina kosa. Ukiibonyeza kwenye HP-35, ENTER ikiwa kati ya namba na namba, unapata 2400.

Fuatilia. Rundo lina ngazi nne. Ukiingiza 6, namba 2 inasukumwa nje juu ya T na kupotea. Ukiingiza 7 inapotea 3, ukiingiza 8 inapotea 4. Rundo sasa lina 8, 7, 6, 5. + inatoa 15, × kwa 6 inatoa 90, + 5 inatoa 95. Hadi hapo kila kitu ni sawa. Lakini T imekuwa ikinakili 5 kila rundo linaposhuka, kwa hiyo mahali palipopaswa kuwa na 4 pana 5: unapata 475. Palipopaswa kuwa na 3 pana 5: unapata 480. Palipopaswa kuwa na 2 pana 5: 2400. Mashine haikuwasha taa ya onyo, haikuandika neno la kosa. Ilitoa namba safi, ya mviringo, inayovutia kuaminika.

Ujanja uleule wa T uliotuzalishia jedwali la riba ndio uliojaza matundu kwa namba za bandia. Kama ngazi tupu ingebaki tupu, kioo kingelalamika au kingetoa sifuri, na mtu angeshtuka.

Aliyeujua mtego alianza ndani: 7 ENTER 8 + 6 × 5 + 4 × 3 + 2 ×. Anapata 766 na hatumii zaidi ya ngazi mbili. Wahandisi wengi wa 1972 walifanya hivyo bila kufundishwa, na hapa ndipo ninapoona siri ya mauzo ya HP-35. Walikuwa wametoka kwenye rula ya kukokotolea, ile yenye kipande kinachoteleza cha kuzidishia na kugawanyia. Mtu wa rula hawezi kuanza kushoto. Anaanza ndani ya mabano, anasoma jibu la tarakimu tatu hivi, analiandika pembeni, nukta ya desimali anaishika kichwani, kisha anasonga nje. Alikuwa mpangaji wa hesabu tayari. HP-35 ilimwondolea karatasi ya pembeni, ikampa tarakimu 10 badala ya tatu. Kwa mtu huyo RPN haikuwa lugha mpya. Ilikuwa kazi yake ya jana, imefanywa nyepesi. Ndiyo maana alitoa dola 395 bila kusita, na ndiyo maana kufikia katikati ya muongo huo rula zilikuwa zimekwisha sokoni.

Mwanafunzi aliyekuja nyuma yake hakuwahi kushika rula. Yeye alitoka ubaoni moja kwa moja, mkononi ana hesabu iliyoandikwa na alama katikati, na alitaka kuibonyeza kama ilivyo.

Kioo chembamba

Jambo la pili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu lilikuwa limeshatatuliwa kabla ya HP-35 kuzaliwa.

Mwaka 1963 kampuni ya Friden ya California ilitoa kikokotoo cha mezani, EC-130, kilichotumia mwandiko huuhuu wa alama mwisho na rundo la ngazi nne. Kioo chake kilikuwa kama cha televisheni ndogo, nacho kilionyesha ngazi zote nne kwa pamoja. Ulipobonyeza namba uliiona ikipanda. Ulipobonyeza + uliona namba mbili zikigeuka moja. HP 9100A ya 1968 nayo ilionyesha rundo lake lote, ngazi tatu. Mtu aliyeketi mbele ya mashine hizo hakuhitaji kuambiwa rundo ni nini, alikuwa akilitazama.

HP-35 ilibidi iingie mfukoni na iendeshwe kwa betri. Taa nyekundu za tarakimu zilikuwa ghali na zilikula umeme, kwa hiyo mstari ulikuwa mmoja. Ngazi tatu zikaenda gizani. Palikuwa na kitufe cha kulizungusha rundo ili uangalie yaliyomo, R↓, ambacho ukikibonyeza mara nne unarudi ulipoanza. Lakini kulikagua rundo kwa kulizungusha, katikati ya hesabu, huku ukihesabu mibonyezo ili usipoteze mahali, ni kazi inayochosha akili. Wengi walichagua kukumbuka. Na anayekumbuka ndiye anayesahau.

Rudia mfano wa 2400 mbele ya kioo cha Friden. Unaingiza 6, unaiona 2 ikitoweka juu. Unasimama. Kosa ambalo kwenye HP-35 lilikuwa la siri, kwenye mashine ya miaka tisa nyuma yake lingekuwa mbele ya macho. Mwandiko ni uleule na ngazi ni nne zilezile. Kilichobadilika ni kile mtu anachokiona.

Ushahidi mwingine ulikuja kutoka kwa HP wenyewe. Mwaka 1987 walitoa HP-28C, yenye kioo cha mistari minne kinachoonyesha rundo, na rundo lenyewe likaacha kuwa na kikomo cha ngazi nne: linapanda hadi kumbukumbu ijae. Mwaka 1990 ikafuata HP-48SX kwa mtindo huo. Mambo mawili yaliyoiumiza HP-35 yaliondolewa, na vizazi vya wahandisi vikaipenda HP-48 kwa mapenzi ambayo hadi leo hayajapoa. Lakini miaka 15 ilikuwa imepita.

Mpinzani aliyekuja na mabano

Katika miaka hiyo 15 kumbukumbu ilishuka bei kwa kasi. Texas Instruments ilitoa SR-50 mwaka 1974 kwa bei iliyokuwa chini ya nusu ya dola 395 za HP. Iliandikwa kwa alama katikati. Mwaka uliofuata ikaja SR-52, iliyokubali mabano tisa ndani kwa ndani na kufuata yenyewe kanuni ya kipi kitangulie. Kwa maneno mengine, SR-52 ilikuwa na MAGAZIJUTO ndani yake. Kazi ya kupanga ilirudishwa kwa mashine, kwa kuwa mashine sasa ilikuwa na nafasi ya kuifanya.

HP ilijibu kwa kijitabu cha kulinganisha ENTER na alama ya sawasawa, ikionyesha mifano ambayo RPN hushinda kwa idadi ya mibonyezo. Nadhani walipigana vita isiyo yao. Mnunuzi aliyekuwa na mashaka hakuwa na tatizo la mibonyezo mitatu zaidi. Alikuwa anaogopa asichokiona. Kijitabu hakikuweza kumfungulia kioo.

Tukumbuke pia kwamba vikokotoo vingi vya bei nafuu vya wakati ule havikuwa na mabano wala kanuni yoyote. Ukibonyeza 3 + 4 × 5 = vilikupa 35, kwa sababu vilitekeleza kila tendo papo hapo. Kati ya mashine ya namna hiyo na HP-35, aliyekuwa na uaminifu zaidi kwa hesabu ni HP-35. Ushindi wa alama katikati ulikuja pale tu mashine zilipoanza kusoma kama mwalimu anavyoandika, na vikokotoo vya Casio ambavyo wanafunzi wengi wa sekondari wa kwetu wamevishika ni matunda ya njia hiyo.

HP-35 ilistaafishwa mwaka 1975, ikiwa imeuzwa zaidi ya 300,000. RPN iliendelea kwenye ndugu zake. HP-12C, kikokotoo cha fedha cha mwaka 1981, bado kinauzwa, na ni moja kati ya aina mbili tu za vikokotoo zinazoruhusiwa kwenye mitihani ya CFA ya wachambuzi wa uwekezaji. Anayejiandaa kwa mtihani huo, awe Nairobi au London, akikichagua hicho atakutana na ENTER ileile.

Mahali ambapo hakuna kioo

Nje ya vikokotoo mwandiko huu haukurudi nyuma hata hatua moja. Programu ya Java ikiandikwa (a + b) * c, kinachohifadhiwa baada ya kutafsiriwa ni: pakia a, pakia b, jumlisha, pakia c, zidisha. Ni rundo, ni alama mwisho. Ukifungua faili la PDF na kuondoa mgandamizo wake, mstari mmoja mlalo kwenye ukurasa unaweza kuwa umeandikwa hivi:

100 700 m 300 700 l S

Namba zinatangulia, amri inafuata: sogea hadi hapa, chora mstari hadi pale, tia wino. Kila cheti, kila risiti, kila fomu ya mkopo tunayoipakua kwa PDF imechorwa kwa mtindo huo. Mashine kwa mashine hakuna kioo cha kufichwa nyuma yake wala kumbukumbu ya binadamu inayochoka, kwa hiyo sifa za mwandiko zinabaki peke yake: hakuna utata, hakuna kurudi nyuma.

Anayefundisha hesabu na ana kompyuta ya Linux anaweza kuliweka jambo hili mbele ya wanafunzi kwa dakika chache, bila kununua chochote. Kwenye mifumo mingi ya Linux ipo, au huongezwa bila malipo, programu ya zamani iitwayo dc, inayofanya hesabu kwa alama mwisho. Rundo lake halina ngazi nne, linapanda kadiri unavyoliongezea. Nyota ni kuzidisha, p ni kuonyesha jibu, na herufi f huonyesha rundo lote, kama kioo cha Friden. Andika hesabu ileile iliyoishinda HP-35, kushoto kwenda kulia, bila kuanza ndani na bila ujanja wowote:

dc -e '2 3 4 5 6 7 8 + * + * + * p'

Jibu linalotoka ni 766.